Mama alivuliwa viatu na kunyang'anywa achari: je, upekuzi wa uwanja wa ndege una maana?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mama yangu ana miaka 71. Alisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda London kupitia Doha. Alikaguliwa mlangoni, akakaguliwa tena kabla ya kupanda, na Doha wakarudia. Alivua viatu, akapapaswa kichwani juu ya mtandio, viganja vikafutwa kwa kitambaa, na chupa ya achari ya embe aliyomchukulia mjukuu wake ikaishia kwenye pipa. Anasema amedhalilishwa na hapandi ndege tena. Je, yote haya ni usalama kweli au maigizo? Na alikuwa na haki gani? – Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba, na mfikishie mama pole. Kwa ufupi: ndiyo, kumpekua kila abiria kabla ya kupanda ndege ni jambo la haki na limeokoa watu. Ila hatua alizopitishwa mama hazina uzito sawa. Baadhi zinaziba tundu ambalo bomu lilishapitia, baadhi zimebaki kwa mazoea, na matundu yanayotisha zaidi siku hizi hayapo kwenye foleni ya abiria.

Kabla ya 1973, Marekani mtu aliweza kutembea hadi ngazi ya ndege bila kuguswa. Kati ya 1968 na 1972 ndege zaidi ya 130 zilitekwa huko, nyingi zikaelekezwa Cuba. Novemba 1972 watu watatu waliteka ndege ya Southern Airways wakatishia kuiangusha juu ya kinu cha nyuklia cha Oak Ridge. Hapo subira ikaisha: kuanzia tarehe 5 Januari 1973 kila abiria na begi lake wakawa wanakaguliwa, na utekaji ukashuka ghafla mwaka huohuo. Sifa zote zisiende kwa mashine, kwa sababu Februari mwaka huo Marekani na Cuba zilikubaliana pia kuwashtaki au kuwarudisha watekaji. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likapitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, na hicho ndicho msingi wa ukaguzi unaouona Dar, Nairobi, Entebbe na Doha. Wanaosema safari za ndani hazihitaji ukaguzi wakumbuke Februari 1982, vijana walipoiteka Boeing 737 ya Air Tanzania ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam na kuipeleka hadi Stansted, Uingereza, wakimtaka Mwalimu Nyerere ajiuzulu.

Sasa hoja ya maigizo. Wanaoishikilia hutaja jaribio la mwaka 2015, ambapo wakaguzi wa siri wa serikali ya Marekani walijifanya abiria na kupitisha silaha na mabomu bandia. Walifaulu mara 67 kati ya 70. Ni aibu kubwa, na ukiishia hapo utasema mashine zote zikauzwe chuma chakavu.

Lakini upekuzi haupimwi kwa kukamata peke yake. Upime pia kwa jinsi unavyomlazimisha mshambuliaji kutumia kitu kidogo na dhaifu. Mkaguzi wa siri anabeba kitu kisicholipuka na akikamatwa anarudi ofisini kwake. Mshambuliaji wa kweli anahitaji bomu linalofanya kazi, na kiwashio cha kawaida cha bomu kina chuma na nyaya ambazo lango na eksirei huzipata vizuri. Akivikimbia hivyo, anabaki na njia za kuungaunga. Richard Reid, Desemba 2001, alificha kilipuzi kwenye kiatu akahangaika na kibiriti mpaka abiria wa safari ya Paris kwenda Miami wakamkamata na kumfunga. Umar Farouk Abdulmutallab, siku ya Krismasi 2009, alificha kilipuzi kwenye nguo ya ndani juu ya anga la Detroit, akitegemea kukiwasha kwa kemikali. Aliungua mapaja, ndege ikatua salama. Wote wawili walipita ukaguzi, hilo ni kweli. Walipita na silaha mbovu, na ubovu huo umechangiwa sana na ule ukaguzi walioukwepa.

Kuhusu bunduki hakuna ubishi. Mwaka 2023 wakaguzi wa Marekani walikamata bunduki 6,737 kwenye mabegi ya mkononi, zaidi ya asilimia 90 zikiwa na risasi ndani. Wengi wa wenye bunduki hizo walisema wamezisahau. Hata tukiwaamini, sitaki bunduki iliyosahaulika ipande nami futi 35,000.

Twende kwenye hatua zenyewe, kwa sababu mama alizipitia bila kuelezwa na nadhani nusu ya uchungu wake inatoka hapo.

Lango unalopita kwa miguu hutoa mawimbi ya sumaku na kupima jinsi chuma kinavyoyavuruga. Linaona chuma cha aina yoyote, lakini halioni kilipuzi, plastiki wala unga. Ndiyo maana viwanja vingi vimeongeza skana ya mwili, ile unayosimama ndani yake na kuinua mikono. Hutumia mawimbi ya milimita yanayopenya nguo na kurudi yakigonga ngozi. Si eksirei, na nguvu yake ni ndogo sana kuliko ya simu yako ya mkononi, kwa hiyo mjamzito asiogope. Skana za aina nyingine zilizotumia eksirei na kuchora umbo la mtu akiwa kama uchi ziliondolewa viwanjani Marekani mwaka 2013. Za sasa humwonyesha mkaguzi kikaragosi kilekile kwa kila mtu, chenye alama ya mraba mahali penye kitu kisichoeleweka.

Udhaifu wa skana hiyo ni kelele za bure. Jasho, mkunjo wa nguo nzito, pedi, shanga za kiunoni, rasta, nywele zilizosukwa nene, kilemba: vyote vinaweza kuweka alama. Wanawake weusi na watu wa vilemba wamelalamikia jambo hili kwa miaka, na wana haki, kwa kuwa mashine inayopiga alama vichwa vyao kila mara inawapekua kuliko wengine bila sababu yoyote ya usalama. Alama ikitokea kichwani, mkaguzi hana hiari, lazima apapase. Kwa mama yako, kilichozua upapasaji huenda kilikuwa pini za mtandio.

Kitambaa cha viganjani kinatafuta chembe za vilipuzi. Kinaingizwa kwenye mashine, kinapashwa moto, na mvuke wake unasomwa kwa sekunde chache. Ni kipimo kizuri kwa sababu hakimvui mtu nguo, na kwa maoni yangu kingetumika zaidi badala ya upapasaji. Ila nacho hukosea. Mbolea ya CAN, dawa za moyo zenye nitrogliserini na baadhi ya losheni zenye gliserini vinaweza kukipigisha kengele. Mkulima aliyeshika mbolea asubuhi na kupanda ndege mchana anawe kwa sabuni hadi viwiko na asivae viatu vya shambani. Kengele ikilia, mwambie mkaguzi ukweli mara moja. Hatua inayofuata ni kupekua begi na kurudia kipimo, si pingu.

Begi hupigwa eksirei ya viwango viwili vya nishati, na kompyuta hupaka rangi: machungwa kwa vitu vyenye asili ya mimea, mafuta, chakula na plastiki, buluu kwa chuma, kijani kwa mchanganyiko. Vilipuzi vingi huangukia kwenye machungwa. Bahati mbaya, na halua pia. Donge la halua, jibini au chokoleti lina uzito na rangi inayokaribia kilipuzi cha plastiki, hivyo begi lenye halua kilo 2 chini ya waya za chaja litafunguliwa tu, hata kama mwenye begi ni shehe. Kompyuta mpakato hutolewa kwa sababu betri na mabati yake huficha kilicho chini yake. Mashine mpya za CT huzungusha eksirei pande zote na kutoa picha ambayo mkaguzi anaweza kuigeuza, na ndizo zinazoruhusu kuacha kompyuta ndani ya begi.

Nyuma ya kioo hicho kuna binadamu, na binadamu huchoka. Ulaya kanuni inamtaka asikae mbele ya picha zaidi ya dakika 20 mfululizo, na programu humchomekea picha bandia za silaha kupima kama yuko macho. Uwanja usiofuata utaratibu huo unaweza kuwa na mashine ya mabilioni na bado usione kitu.

Viatu sasa. Sheria ya kuvua viatu kwa wote ilianza Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya Reid, ikafutwa Julai 2025. Kwa karibu miaka 20 Ulaya haikuwa nayo kwa kila mtu na ndege zake hazikuanguka kwa viatu. Bado viwanja vingi vya kwetu vinavua kila mtu viatu na mkanda, na hapo namuunga mkono mama: kumvua bibi wa miaka 71 viatu huku akiwa hana kiti wala mkeka ni usumbufu ambao kipimo cha kitambaa kingeuondoa. Vivyo hivyo msako wa vikata kucha. Tangu 2003 mlango wa rubani kwenye ndege kubwa za abiria umeimarishwa na hufungwa, na hakuna abiria leo atakayekaa kimya akimwona mtu na wembe. Nyembe za Septemba 11, 2001 zilifanya kazi kwa sababu watu walifundishwa kutii mtekaji mpaka ndege itue.

Kuna ajali moja ambayo wapekuzi hawapendi kuisikia. Novemba 23, 1996, vijana watatu waliteka Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi. Silaha yao ilikuwa shoka na kizima moto vilivyokuwemo ndani ya ndege, pamoja na uongo kwamba wana bomu. Mafuta yakaisha, ndege ikaangukia baharini karibu na ufuko wa Ngazija, Komoro, na watu 125 kati ya 175 wakafa. Upekuzi gani ungezuia hilo? Hakuna. Mlango wa rubani uliofungwa ungezuia.

Na hapa ndipo ninapowalaumu wenye viwanja kuliko mashine. Februari 2, 2016, Airbus ya shirika la ndege la Daallo ilipasuka tundu ubavuni muda mfupi baada ya kuruka Mogadishu. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta mpakato, na kamera za uwanja zilionyesha wafanyakazi wawili wakimkabidhi abiria kompyuta hiyo baada ya sehemu ya ukaguzi. Ndege ilinusurika kwa sababu ilikuwa haijapanda juu vya kutosha, hivyo tofauti ya mgandamizo ilikuwa ndogo. Aliyekufa ni mwenye bomu. Agosti 2004, wanawake wawili walilipua ndege mbili zilizotoka Domodedovo, Moscow, na mmoja alipandishwa kwa rushwa ya rubo 1,000. Halafu kuna Mombasa yetu: Novemba 28, 2002 makombora mawili yalirushwa kutoka nje ya uwanja wa Moi kuelekea ndege ya Arkia, shirika la Israeli, iliyokuwa inapaa. Yalikosa. Abiria wote wa ndege ile wangevuliwa hadi soksi isingesaidia chochote.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama uwanja uko makini, usiangalie ukali wa sauti ya askari kwa abiria. Angalia kama msafishaji, muuza kahawa na mbeba mizigo nao wanapita kwenye mashine ileile. Kiambatisho cha 17 kinadai wapite.

Kwa nini mara tatu? Ukaguzi wa mlangoni unalinda jengo, kwa sababu watu 37 waliuawa kwenye ukumbi wa wanaowasili Domodedovo mwaka 2011, na Brussels mwaka 2016 mabomu yalilipuliwa kwenye ukumbi wa kuondokea, kabla ya sehemu ya ukaguzi. Kasoro yake ni kwamba husogeza foleni tu, na foleni ndefu barabarani nayo ni shabaha. Ukaguzi wa pili unalinda ndege. Wa Doha unatokana na ukweli kwamba nchi haiamini ukaguzi wa nchi nyingine mpaka kuwe na makubaliano rasmi baina yao. Makubaliano hayo yapo sehemu chache.

Achari iliangukia kwenye kanuni ya mililita 100. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege kadhaa zitokazo London kwa vilipuzi vya maji ndani ya chupa za vinywaji. Tishio lilikuwa la kweli, na eksirei ya kawaida haitofautishi maji na kimiminika cha hatari. Kwa hiyo chupa isizidi mililita 100 kwa ujazo wa chupa yenyewe, si kwa kilichobaki ndani, na zote ziingie kwenye mfuko mmoja wa lita 1 unaoona ndani na kujifunga. Katazo la mifuko ya plastiki la Tanzania la 2019 liliuacha mfuko huo kwa wasafiri, basi usiogope kuubeba. Kimiminika ni chochote kinachomwagika, kupakwa au kuteleza: asali, samli, siagi ya karanga, uji, udi wa mafuta, na achari. Dawa alizoandikiwa mgonjwa na maziwa ya mtoto havifungwi na kipimo hicho, ila vitoe mapema na uwe na cheti cha daktari. Zamzam haiingii begi la mkononi. Inasafiri katika dumu lake la lita 5 ndani ya boksi rasmi, na uulize shirika lako kabla. Anayekwenda Marekani ajue pia kwamba unga unaozidi mililita 350, uwe wa muhogo au wa ubuyu, ni bora uende kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege.

Baadhi ya viwanja vyenye CT, Edinburgh kwa mfano, tangu Julai 2025 vinaruhusu hadi lita 2. Usidanganyike: ukibadilisha ndege kwenye uwanja wenye kanuni ya zamani, chupa itatupwa huko. Achari ya mama ingekaa ndani ya begi kubwa, imefungwa mifuko miwili na kuzungushiwa kanga, ingefika Uingereza bila matata.

Kinyume chake, kuna kitu ambacho hakiruhusiwi kwenda tumboni mwa ndege: pawabenki na betri za akiba za lithiamu. Zikishika moto kwenye kabini kuna wahudumu na maji, lakini chini kwenye mizigo gesi ya kuzimia moto haiizimi betri iliyoanza kujichoma. Kikomo ni saa-wati 100 bila kibali. Chukua mAh zilizoandikwa juu yake, zidisha kwa 3.7, gawa kwa 1,000: ya 20,000 ni saa-wati 74, inapita. Ya 30,000 ni 111, inahitaji ruhusa ya shirika. Iliyofutika maandishi wanaweza kuichukua, na wako sahihi.

Kuhusu haki. Katiba ya Kenya, ibara ya 31, inalinda mtu asipekuliwe ovyo, na ibara ya 24 inaruhusu haki hiyo ibanwe kwa kiasi kinachofaa na chenye sababu. Ya Tanzania inalinda faragha katika ibara ya 16. Upekuzi wa ndege unasimama juu ya msingi huo: unatafuta kitu kinachoweza kuangusha ndege, unafanywa kwa wote, na unaweza kuukataa kwa kuacha safari. Ukikataa Dar au Nairobi, adhabu ya kawaida ni kutopanda. Marekani ni tofauti kidogo. Mahakama ya rufaa ilishaamua mwaka 2007 kwamba ukishaanza kukaguliwa huwezi kugeuza na kuondoka. Mkaguzi anapoanza kuhesabu dola zako au kusoma ujumbe kwenye simu, ametoka nje ya usalama wa ndege. Mambo hayo, kama yapo, ni ya forodha, uhamiaji au polisi, kila mmoja kwa sheria yake.

Safari nyingine mama aseme kabla hajaingia langoni, si baada ya kengele: "Naomba nikaguliwe na mwanamke, faraghani." Akitakiwa kuvua mtandio, uvuliwe kwenye chumba hicho, na ana haki ya kuomba mwenzake awepo. Pini za plastiki au za sumaku ndogo zisizozidi mbili hupunguza usumbufu, na vito avitie kwenye mkoba kabla ya foleni. Mwenye kifaa cha moyo apite langoni bila kusimama, aonyeshe kadi yake, na asikubali kifaa cha mkononi cha kutafuta chuma kishikiliwe juu ya kifua kwa muda. Mwenye pampu ya insulini aombe kupapaswa. Shirika likiombwa kiti cha magurudumu saa 48 kabla, bibi wa miaka 71 hasimami foleni wala havui viatu akiwa amesimama.

Na kama alidhalilishwa kweli, kwa maneno au kwa mkono uliopita mpaka, andika leo: tarehe, saa, namba ya safari, mlango au mkanda wa mashine, jina kwenye kitambulisho cha mkaguzi kama alilisoma. Peleka kwa mamlaka ya viwanja vya ndege, nakala kwa mdhibiti wa usafiri wa anga. Usingoje mwezi uishe, kwa sababu picha za kamera hufutwa na kurekodiwa upya juu yake, na bila picha itabaki neno la mama dhidi ya neno la mkaguzi.